Chaguo la Kwanza, Chaguo la Pili

Jumamosi, 29 Novemba

Matokeo yametoka. Nimepata nane. Huku kwetu alama ndogo ndiyo kubwa, sita ndiyo kilele, na hakuna msichana mwingine wa darasa letu aliyeikaribia nane yangu. Mama amepiga magoti katikati ya ua akamshukuru Mungu kwa sauti ya kuwafikia majirani, hasa yule ambaye mwanawe amepata ishirini na mbili. Baba amerudi kutoka gereji na grisi mpaka viwikoni. Alinipa mkono kama mtu mzima mwenzake, kisha akaenda kuoga.

Mjomba Agyapong alipigiwa simu kabla sijamaliza hata kuyasoma matokeo yenyewe. Akaomba kusema nami. "Daktari," akaniita. Nilidhani ananitania.

Jumapili, 30 Novemba

Hakuwa ananitania.

Jumanne, 2 Desemba

Harmatani, ule upepo mkavu, imeingia. Asubuhi vumbi la jangwani lilikuwa limeshakaa juu ya kila kitu, juu ya sufuria, juu ya Biblia ya Mama, hata ndani ya viatu. Midomo imepasuka. Nimejipaka siagi ya shea mpaka nang'aa, na bado nikicheka inauma. Bahati nzuri sina la kunichekesha.

Nataka kusoma uhandisi tiba. Naiandika hapa kwa sababu nikiitaja nyumbani watu wanasafisha koo na kuuliza kama nimekula. Ni elimu ya kuunda na kutengeneza mashine za hospitali. Mjomba ameuliza mara mbili sasa kwa nini nataka kitu kama hicho, na mara zote mbili Mama amejibu kwa niaba yangu kwamba ni utoto, utapita.

Sababu ninayo. Ila hairuhusiwi kutajwa katika nyumba hii.

Mwaka jana dada yangu Konadu alijifungua kabla ya wakati, huko anakoishi na mumewe. Nilikuwa nimeenda kwake likizo. Mtoto alikuwa njiti, mdogo wa kutisha, lakini alikuwa analia. Hospitali ilikuwa na masanduku matatu ya kioo ya kuwapashia joto watoto kama yeye. Yaliletwa na wafadhili kutoka ng'ambo, na picha ya siku ya kuyapokea imetundikwa ukutani, watu wamevaa suti. Hakuna hata moja lililowaka. Moja lilikuwa limejaa mablanketi, la pili lina mikoba ya wauguzi, la tatu limegeuziwa ukutani. Tukampasha mtoto kwa chupa za maji moto. Mimi ndiye niliyekuwa nachemsha maji. Hakufika siku ya nane.

Na mtoto asiyefika siku ya nane, kwetu, hakuzaliwa. Hajapewa jina, hajatolewa nje kuonyeshwa kwa watu, kwa hiyo ni mgeni tu aliyepita njia akageuza. Haliliwi. Wazazi wake wanavalishwa nguo nyeupe na kupewa supu ya karanga, wale, wafurahi, ili mgeni aone hakuumiza mtu na asirudie mchezo wake. Mama alipanda basi na karanga zake kwenye mfuko kwenda kumpikia Konadu supu hiyo. Konadu akala, akamaliza bakuli. Tangu siku hiyo hakuna aliyetamka neno.

Kwa hiyo Mjomba akiuliza sababu, natazama miguu yangu.

Jumamosi, 6 Desemba

Mazishi ya babu mdogo, mdogo wake bibi yetu, aliyekufa na miaka yake tisini na ushee. Mahema manne, viti vya kukodi, kitambaa chekundu na cheusi, na vipaza sauti vya kuamsha mji mzima. Kila anayetoa rambirambi jina lake linatangazwa pamoja na kiasi alichotoa, na Mjomba Agyapong hajawahi kutoa kitu ambacho hakikutangazwa.

"Kutoka kwa Bwana Agyapong wa Mabati," akatangaza mtangazaji, "yeye pamoja na mpwa wake, daktari mtarajiwa, Pokuaa!"

Watu wakanigeukia. Wanawake wakapunga leso. Mimi nimevaa kitambaa cheusi, nimebeba sinia la maji, natamani ardhi ipasuke. Kikongwe mmoja alinishika mkono papo hapo akanionyesha goti lake.

Mzee wa miaka tisini analiliwa siku tatu kwa vipaza sauti. Na yule mwingine, wazazi wake wakapewa supu. Nimekasirika kiasi kwamba kalamu imetoboa karatasi.

Jumapili, 7 Desemba

Kikao. Mjomba amekaa kwenye kiti cha Baba. Baba amekaa kwenye kigoda. Mama amesimama. Hivyo ndivyo tulivyo: mtoto ni wa ukoo wa mama, na ukoo wa mama maana yake ni Mjomba Agyapong, duka lake la mabati na tumbo lake. Yeye ndiye aliyenilipia shule, na hakuna siku aliyosahau kunikumbusha.

"Fundi wa mashine," alisema Mjomba. "Mpwa wangu, mwenye nane, awe fundi wa mashine. Nyumba hii ina fundi tayari. Au hamtosheki?"

Baba akatazama kigoda chake kama anataka kukitengeneza.

"Mjomba," nikasema, "udaktari wanachukua wenye sita. Saba kwa bahati. Mimi nina nane."

"Nane na sita zimepishana nini? Kuna watu ninaowajua. Wewe jaza fomu, mengine niachie."

"Lakini mimi—"

"Sikiliza, Daktari. Fomu ina machaguo matatu. La kwanza weka udaktari. La pili weka hilo lako la spana. Ukikosa la juu si utaangukia la chini? Umepoteza nini?"

Mama akaruka kwa furaha. "Umeona? Kumbe Mjomba wako hana ubaya. Kila mtu amepata chake."

Hata mimi niliona ni sawa. Naandika nikijua nitakuja kujicheka: hata mimi niliona ni sawa.

Jumanne, 9 Desemba

Tumejaza fomu kwenye kafe ya intaneti karibu na posta. Mjomba alikaa na kuandika mwenyewe kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine, na kila alipokosea aligombana na kibodi. Udaktari, la kwanza. Uhandisi tiba, la pili. La tatu akaweka sayansi ya udongo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu ya orodha na alikuwa amechoka. Kadi yenye namba ya siri ya kufungulia fomu aliikunja akaiweka ndani ya mkoba wake wa ngozi. Aliinunua yeye, kwa hiyo ni yake.

Ijumaa, 12 Desemba

Vumbi. Jua limekuwa jeupe, unaweza kulikodolea macho.

Jumatatu, 15 Desemba

Vumbi. Nimetwanga mihogo ya fufu, chakula cha jioni. Kikongwe mwenye goti amekuja mpaka nyumbani.

Alhamisi, 18 Desemba

Nimekutana na Adomaa, aliyekuwa mbele yangu shuleni kwa mwaka mmoja. Yupo chuoni sasa, amekuja likizo na kucha ndefu. Nikamweleza mpangilio wangu kwa raha zangu zote. Akaacha kutafuna muwa.

"Uhandisi tiba umeweka la pili? Nani kakudanganya?"

"Mjomba."

"Basi mwambie mjomba wako akusomeshe yeye. Ile kozi ni ya watu wachache, Pokuaa. Inajaa kwa walioiweka la kwanza, na mlango unafungwa. La pili hawaliangalii hata. Unajua wangapi wameingia kwenye mtego huo? Kila mwaka. Baba zao wanataka udaktari juu, kisha wanashangaa binti yuko kwenye udongo."

"Kwa hiyo nikikosa udaktari..."

"Utapata udongo, dada. Na hongera."

Akaniambia kuna dirisha la kubadilisha machaguo mpaka tarehe kumi na sita Januari. Unaingia kwa namba ya siri. Namba ya siri iko kwenye kadi. Kadi iko kwenye mkoba, mkoba uko kwapani mwa Mjomba.

Sikulala. Sikumkasirikia Mjomba peke yake. Nimejikasirikia mimi, niliyeona ni sawa.

Ijumaa, 19 Desemba

Nilikwenda dukani kwake. Alikuwa anampimia mteja mabati, nikangoja mpaka amalize. Nikamweleza taratibu, kwa heshima, mikono nyuma. Nikamwambia alivyosema Adomaa.

"Adomaa ni nani?"

"Yuko chuo chenyewe, Mjomba. Mwaka wa kwanza."

"Mwaka wa kwanza. Na mimi ni mtu wa miaka mingapi?" Akafunika kalamu. "Nimeshaongea na mtu. Mtu mkubwa. Ameniahidi."

"Kwa hiyo mwenye sita ataachwa ili mwenye nane aingie."

"Ndiyo dunia ilivyo. Hukuumba wewe."

"Mimi siutaki udaktari, Mjomba. Naomba ile kadi."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Nipe sababu moja," akasema. "Moja tu ya mtu mzima. Mama yangu, bibi yako, alifia kwenye benchi akingoja daktari. Tangu siku hiyo nimeapa ukoo huu utakuwa na daktari wake. Sababu yangu ndiyo hiyo. Haya, yako ni ipi?"

Na mimi nikatazama miguu yangu. Ningesema nini? Kwamba kuna mtu ambaye hakuzaliwa amekufa?

Nikaondoka bila kuaga. Ameshampigia Mama kumshtakia kuhusu hilo la kutoaga.

Jumamosi, 20 Desemba

Mama: "Ukimtaja yule mgeni mbele ya Mjomba wako, utamrudisha tumboni mwa dada yako aje amtese tena. Unataka hivyo?" Akasema tena hasira za mkizi furaha ya mvuvi.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Konadu amekuja na mumewe, amevaa wigi jipya la rangi ya shaba, anacheka kila kitu. Amecheka utani wa Mjomba kuhusu spana. Amenicheka mimi nilipokataa kuitwa Daktari.

Nikamkamata jikoni. "Wewe ndiye unayeweza kumwambia."

"Nimwambie nini?"

"Unajua nini."

Akakoroga kitoweo ambacho hakikuhitaji kukorogwa. "Fanya anachotaka Mjomba, Pokuaa. Daktari ni kazi nzuri."

Basi nimemalizana naye. Amesahau. Miezi kumi na sita, amesahau, wigi tu. Ningekuwa na mtoto nisingeweza kumsahau hata nikivalishwa wigi kumi. Nimemtazama akila na nimemchukia, na leo ni sikukuu.

Jumamosi, 27 Desemba

Nimemvaa Baba. Nilimfuata gereji, mbali na masikio ya Mama. Alikuwa chini ya lori, nikaongea na viatu vyake.

"Baba, wewe ni baba yangu au ni mpangaji?"

Viatu vikatulia. "Hilo amekufundisha nani?"

"Mjomba anakutukana ndani ya nyumba yako, juu ya kiti chako, na wewe kimya."

Akatoka chini ya lori polepole, akajifuta mikono. "Mwanangu, kwenye mambo ya ukoo wenu mimi sina mdomo. Nilioa, sikuzaliwa humo. Nikisema neno leo, kesho mama yako ndiye atakayelilipa. Anayetakiwa kusema ni mtu wa damu yenu."

"Kwa hiyo mtoto wa mtu anapelekwa kwenye udongo na wewe unaangalia."

"Naangalia," akasema. "Kuangalia nako ni kazi."

Nikamwambia ni mwoga. Nimeandika hivyo kwa sababu nimesema hivyo. Hakunipiga. Alirudi chini ya lori.

Jumamosi, 3 Januari

Kikohozi cha vumbi, nyumba nzima. Mjomba ameleta dawa ya kikohozi, akasema karibuni hatutanunua, tutaandikiwa na wa kwetu.

Jumanne, 6 Januari

Nimemwomba tena kadi kwa simu. Akakata.

Jumapili, 11 Januari

Nimemwomba tena kanisani, mbele ya mchungaji, nikidhani ataona haya. Akamwambia mchungaji aniombee nipate utii. Mchungaji akaniombea hapo hapo, mkono juu ya kichwa changu, na watu wakaitikia amina. Zimebaki siku tano. Nina miaka kumi na tisa, na nimeombewa utii hadharani.

Jumatano, 14 Januari

Lazima niandike yote leo, kabla hayajaanza kusimuliwa vingine.

Mjomba alikuja jioni kutuambia yule mtu wake mkubwa amethibitisha. Nafasi ya udaktari ipo. Mama akaleta kinywaji. Mjomba akamimina kidogo chini kwa ajili ya wahenga, akaketi kwenye kiti kile kile. Baba hakuwepo. Nikasema moyoni, leo hata kigoda kimemshinda.

"Sasa," akasema Mjomba, "nataka nisikie asante."

"Sitaenda," nikasema.

Mama akanikanyaga mguu. Nikauondoa.

"Hutaenda wapi?"

"Kwenye udaktari. Ukiniingiza kwa mlango wa nyuma nitatokea huko huko. Nipe kadi, Mjomba, nibadilishe, nibaki na nane yangu. Nikikosa nimekosa."

"Sababu," akasema Mjomba, na safari hii alikuwa na hasira kweli. Alipiga mkono wa kiti. "Nimekuuliza tangu mwezi wa kumi na moja! Sisi tumekosa daktari, tumekufa kwa kukosa daktari. Wewe umekosa nini hata uwe tayari kunivua nguo mbele ya mji mzima?"

Gari la Baba likaingia uani, lile pikapu lake la miaka mingi, jekundu kwa vumbi. Akashuka yeye. Upande wa pili akashuka Konadu. Hakuwa na wigi. Nywele zake mwenyewe zimekatwa karibu na ngozi. Baba alikuwa ameondoka alfajiri kumfuata kwa mumewe, na hakuwa amemwambia mtu. Akabaki amesimama nje kwenye gari, hakuingia.

Konadu akaingia, akasalimia kwa mkono, kuanzia kulia kama inavyotakiwa. Hakukaa.

"Mjomba, umeuliza sababu."

"Konadu," Mama akasema. "Konadu, mwanangu. Tafadhali."

"Mtoto wangu alipokuwa anakufa, daktari alikuwepo."

Mjomba akaweka bilauri chini.

"Alikuwepo, Mjomba. Kijana mzuri, hakwenda popote, alikesha nasi. Alisimama pale mikono mitupu, akilia kuliko mimi. Daktari hatukumkosa. Tulikosa sanduku la kumpasha mtoto joto, na masanduku yalikuwepo matatu, mabovu, na katika hospitali nzima hakuna aliyejua kuyafungua. Mdogo wangu alikuwa anachemsha maji. Ndiyo sababu yake hiyo. Ameshindwa kukupa kwa kuwa mmemfunga mdomo, kama mlivyonifunga mimi."

"Mtoto huyo hatajwi," akasema Mjomba, lakini sauti ilikuwa imeshuka. "Hakufika siku ya nane. Hana jina."

"Alizaliwa Alhamisi," akasema Konadu. "Mvulana wa Alhamisi huku kwetu anaitwa nani?"

Mtoto wa miaka mitatu anajua jibu la swali hilo. Jina la siku huwezi kumnyima mtu, anazaliwa nalo.

"Mjomba, nakuuliza. Anaitwa nani?"

Mjomba akatazama sakafu. Sijawahi kumwona mtu mnene akiwa mdogo namna ile.

"Yaw," akasema.

"Basi," akasema Konadu, akakaa chini kwenye kigoda cha Baba, akalia. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia watu kwenye mazishi, na Mama akasimama pale pale na bilauri mkononi, hajui kama inaruhusiwa kumshika. Mimi nilimshika. Miezi yote hii nilidhani amesahau.

Mjomba aliuliza baadaye sana, "Kwa nini hukuniambia habari za masanduku? Nilimtuma mtu alipe hospitali. Hakuna aliyeniambia."

"Mliniambia nile," akasema Konadu.

Mjomba akafungua mkoba. Akaweka kadi juu ya meza, akaisukuma kwa kidole kile kile cha kuandikia. "Nimeshawaambia watu daktari," akasema, kama anajisemea. Nilimsindikiza mpaka nje, na kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma, kidogo, nikiwa bado nimekasirika.

Baba alikuwa anafuta kioo cha gari.

"Nilikuita mwoga," nikamwambia.

"Nilisikia."

"Kwa nini hukuniambia unakwenda kumleta?"

"Ungenisaidia kupanga maneno," akasema. "Nilitaka aje na yake."

Alhamisi, 15 Januari

Nimebadilisha. La kwanza, uhandisi tiba. La pili nimeacha wazi, na la tatu pia. Yule wa kafe alinionya kuwa ni hatari. Nikamwambia abonyeze.

Ijumaa, 23 Januari

Vumbi. Mama hasemi nami zaidi ya kunituma chumvi.

Jumapili, 1 Februari

Yule mtu mkubwa amekasirika. Mjomba amemaliza wiki akiomba radhi. Hajakanyaga hapa.

Jumamosi, 14 Februari

Orodha imetoka. Jina langu lipo. Baba alinipa mkono tena, safari hii hakuachia haraka. Konadu alipiga simu, hakusema kitu, nikamsikia anapumua tu mpaka salio likaisha.

Jioni Mama aliniita jikoni kumenya viazi vikuu. Upepo umeanza kulegea, unaweza kuona kilima tena. Tulimenya nusu ya viazi. Ndipo akauliza, bila kuinua kichwa:

"Yale masanduku. Ungekuwa umeshasoma, ungeyatengeneza?"

Mwaka mzima na zaidi nimekuwa nikijiambia lilikuwa jambo dogo, waya, fyuzi, mtu mmoja mwenye akili na bisibisi. Hasira yangu yote imesimama juu ya hilo. Na pale, kisu mkononi, nikaona kwamba silijui.

"Sijui, Mama," nikasema. "Nikisoma nitajua."

Akatia kiazi kwenye maji, akachukua kingine.

"Siku utakayojua," akasema, "usiniambie."